Mlango wa Mbele, Mlango wa Nyuma: Stori ya Hoteli Kubwa za Dunia Usiyoiona Kwenye Picha

Leo tunakula bata bila nauli. Tunaingia kwenye hoteli zenye majina makubwa duniani, zile ambazo usiku mmoja tu unaweza kumeza kodi yako ya miezi kadhaa. Picha zake unazijua: ngazi za marumaru, taa za vioo zinazoning'inia, bwawa la bluu, na mtu kashika glasi anatazama bahari kama hadaiwi popote.

Picha ni kali, hatubishi. Ila kuna kitu hazikuoneshi, nacho ni mlango. Nani aliruhusiwa kupita mbele, nani alirudishwa, na nani aliingilia nyuma akiwa na sinia mkononi? Ukiifuata stori ya mlango ndipo unaielewa hoteli. Twende.

Kabla ya ufunguo

Tuanze na kitu unachokiona cha kawaida kabisa: kupewa ufunguo wa chumba chako peke yako. Marekani ya mwanzoni mwa miaka ya 1800, msafiri akifika nyumba ya wageni angeweza kupewa si chumba bali nafasi ya kitandani. Yaani unalala na mtu usiyemjua, hujui katoka wapi, na asubuhi unamwachia shuka yake.

Mwaka 1829 ikafunguliwa Tremont House mjini Boston, kazi ya msanifu kijana aliyeitwa Isaiah Rogers. Mgeni alipata chumba chake chenye kufungwa kwa ufunguo. Ndani alikuta maji na sabuni ya bure. Vyoo vilikuwa ndani ya jengo, si kule uani gizani. Kulikuwa na mapokezi na vijana wa kubeba mizigo. Leo hata gesti ya mtaani ina hivyo vyote, lakini wakati ule watu walitoka mbali kuja kushangaa. Wajenzi wa hoteli nyingine Marekani wakaiga ramani.

Hapo ndipo hoteli kubwa ilipoanza kuuza kitu chake halisi, na si kitanda. Iliuza faragha, ule uhuru wa kufunga mlango na dunia ikabaki nje. Sasa kitu kikishakuwa cha kuuzwa, lazima atokee wa kuamua nani anauziwa na nani hauziwi. Kumbuka hilo, maana linarudi kila tunakokwenda.

Mtoto wa mkulima aliyewapangia wafalme

Jina la Ritz umelisikia hata kama hujafika Paris. Kwa Kiingereza limeshageuka neno la kuelezea kitu chochote cha kifahari. Lakini César Ritz mwenyewe hakuzaliwa kwenye ufahari hata kidogo. Alizaliwa mwaka 1850 katika kijiji cha Niederwald huko Uswisi, mtoto wa mwisho kati ya 13 wa familia ya wakulima. Alianzia chini, akihudumia meza na kubeba mizigo ya watu.

Mwaka 1889 London ilipata Savoy, hoteli iliyojengwa na Richard D'Oyly Carte kwa hela za maigizo ya muziki. Ndiyo, pesa ya burudani ndiyo iliyoisimamisha. Ilikuwa na taa za umeme na lifti za umeme wakati sehemu kubwa ya jiji bado ilikuwa kwenye gesi na mishumaa. Carte akamleta Ritz aiendeshe, na Ritz akaja na mpishi Auguste Escoffier. Wawili hao walibadilisha namna matajiri walivyokula. Ila mwaka 1898 wote wawili walifukuzwa Savoy kwa tuhuma za kuchezea hesabu na vinywaji.

Je, Ritz alilia? Wapi! Mwaka huohuo, Juni 1898, akafungua hoteli yenye jina lake pale Place Vendôme, Paris. Vyumba vilikuwa na bafu zake, jambo adimu siku hizo. Inasimuliwa kwamba alimkalisha mke wake Marie kwa saa nyingi akijaribu rangi za taa, mpaka akapata ile inayomfanya mwanamke apendeze zaidi usoni. Kwa hiyo ukiona filta kwenye simu yako ujue kuna mtu alishawaza hivyo zaidi ya miaka 120 iliyopita, tena kwa balbu.

Lakini tazama mwisho wake. Mwaka 1902 London ilijiandaa kwa kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, na Ritz ndiye aliyesimamia maandalizi makubwa ya wageni katika hoteli ya Carlton. Siku chache kabla ya sherehe mfalme akaugua, ikaahirishwa. Ritz akaanguka kiafya na hakurudi tena kuwa yule wa zamani. Alifariki mwaka 1918. Maisha yake yote aliufungua mlango ili wakubwa wapite, na mzigo wa wakubwa hao ndio uliomwangusha.

Na mlango huohuo haukuchagua wema. Wajerumani walipoikalia Paris mwaka 1940, jeshi lao la anga lilijiweka Ritz. Vioo vilevile, shuka zilezile. Jengo zuri halina dhamira. Dhamira wanayo watu waliomo.

Mumbai: Waliofunga na waliofungua

Sasa tuvuke hadi India, kwenye stori ambayo kila anayefika Mumbai husimuliwa. Inasema kwamba mfanyabiashara Jamsetji Tata alikataliwa kuingia Watson's, hoteli ya Wazungu, kwa sababu ya rangi yake. Akaondoka kimya na kwenda kujenga hoteli inayoizidi zote. Wapo wanahistoria wanaoitilia shaka, wakisema Tata alikuwa na sababu nyingine nyingi, ikiwemo kuupenda mji wake tu. Ila stori imeishi zaidi ya karne kwa sababu moja: kila mtu aliyeishi chini ya ukoloni alijua kwamba ingeweza kuwa kweli.

Kisichobishaniwa ni hiki. Desemba 1903 Taj Mahal Palace ilifunguliwa kando ya bahari, mali ya Mhindi, yenye umeme. Lile lango kubwa la mawe linaloonekana kwenye kila picha ya hoteli hiyo, Gateway of India, lilikamilika mwaka 1924. Yaani hoteli ilitangulia, lango likafuata.

Na Watson's je? Ilikuwa jengo la chuma lililosafirishwa vipande vipande kutoka Uingereza. Humo ndimo zilimooneshwa filamu za ndugu wa Lumière mnamo Julai 1896, ikawa siku ambayo sinema iliingia India. Mpenzi wa Bollywood, chimbuko lako hilo hapo. Leo jengo limechakaa vibaya, na wapangaji wake walishatolewa. Taj bado inasimama inang'aa.

Inang'aa, lakini ina kovu. Novemba 26, 2008 watu wenye silaha waliivamia Mumbai, na hoteli hiyo ikawa uwanja wa vita kwa siku tatu. Katika jiji zima waliuawa watu zaidi ya 160. Ndani ya Taj, wahudumu na wapishi walijua njia za nyuma, zile korido ambazo mgeni haoni. Wangeweza kukimbia kwanza wao. Wengi walibaki wakawapitisha wageni humo, na baadhi yao walipigwa risasi wakiwa kazini. Njia iliyojengwa ili mtumishi asionekane ndiyo iliyookoa waliokuwa wakihudumiwa.

Unapiga shoo, ila hulali hapa

Twende Marekani tena, safari hii kwenye muziki. Las Vegas ya miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 ilikuwa inajaza kumbi kwa wasanii weusi. Sammy Davis Jr. alikuwa anawasimamisha watu kwenye viti. Shoo ikiisha, anatoka nje ya hoteli iliyomlipa na kwenda kulala kwenye nyumba za kupanga upande wa magharibi wa mji, walikokaa weusi. Jina lako limeandikwa kwa taa juu ya mlango, na mlango huohuo huruhusiwi kuupita kama mgeni. Mwaka 1955 ikafunguliwa Moulin Rouge, hoteli ya kasino iliyopokea watu wa rangi zote. Ilijaa, lakini haikumaliza hata mwaka kabla ya kufungwa.

New York napo palikuwa na Hotel Theresa, jengo jeupe refu katikati ya Harlem, lililofunguliwa mwaka 1913. Harlem, mtaa uliokuja kuwa moyo wa watu weusi wa Marekani! Lakini Theresa ilibaki ya Wazungu hadi mwaka 1940. Baada ya hapo ndipo ikawa kwenyewe. Bondia Joe Louis akishinda pambano, umati ulijazana nje kumsubiri. Wanamuziki, waandishi na wanasiasa walikutana pale.

Septemba 1960 Fidel Castro alifika New York kwa mkutano wa Umoja wa Mataifa. Akagombana na hoteli aliyofikia katikati ya jiji, akabeba msafara wake mzima kuelekea Theresa. Ghafla viongozi wa dunia wakawa wanapanda Harlem: Khrushchev wa Urusi ya Kisovieti alikwenda, Nasser wa Misri alikwenda, Nehru wa India alikwenda. Miongoni mwa waliompokea Castro usiku ule alikuwepo kijana mmoja mrefu mwenye miwani, Malcolm X.

Shikilia jina hilo.

Waliopita mlango wa nyuma

Boston kuna hoteli nyingine kongwe, Parker House, iliyoanza mwaka 1855. Miaka ya 1940 alifanya kazi pale kijana aitwaye Malcolm Little, akiondoa vyombo mezani. Ndiye huyohuyo Malcolm X. Karibu miaka 20 kabla ya kukaa na Castro chumbani Theresa, alikuwa anakusanya sahani za watu ambao hawakujua hata jina lake.

Tena si yeye peke yake. Hoteli hiyo husimulia kwamba miaka ya 1910 jikoni kwao aliwahi kufanya kazi ya kuoka mikate kijana kutoka Vietnam, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Ho Chi Minh. Kuna kibao London pia, mahali ilipokuwa Carlton, ile hoteli ya Ritz na Escoffier, kinachosema alifanya kazi pale mwaka 1913. Fikiria basi: mtu aliyekuja kuitoa Ufaransa Vietnam alikuwa jikoni, akiwaandalia chakula mabwana wa enzi ile.

Singapore nako kuna Raffles, iliyofunguliwa mwaka 1887 na ndugu wa Sarkies, Waarmenia waliotokea Uajemi. Ilianza na vyumba 10 tu kwenye nyumba ya zamani ya pwani. Majina ya waandishi wa Kiingereza waliolala humo yanatajwa kwenye kila tangazo. Lakini kitu kinacholeta watu hadi leo ni kinywaji chekundu, Singapore Sling, ambacho kwa maelezo ya hoteli yenyewe kilibuniwa mwaka 1915. Aliyekibuni hakuwa mwandishi wala gavana. Alikuwa mhudumu wa baa, Mchina wa Hainan, Ngiam Tong Boon. Wakubwa walikuja, wakanywa, wakaondoka. Kilichobaki ni mkono wa aliyekuwa nyuma ya kaunta.

Nairobi: Baraza la Norfolk

Tukirudi nyumbani Afrika Mashariki, stori haipoi, inawaka zaidi. Norfolk ilifunguliwa Nairobi siku ya Krismasi mwaka 1904, wakati mji wenyewe bado ni vibanda vya reli na matope. Rais mstaafu wa Marekani Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda mwaka 1909, alifikia pale. Baraza lake likawa mahali pa walowezi kukaa, kunywa na kupanga nchi ya watu wengine iendeje.

Machi 1922 serikali ya kikoloni ilimkamata Harry Thuku, kijana aliyekuwa akipinga kipande, kodi na kukatwa mishahara. Watu wakakusanyika kwa maelfu nje ya kituo cha polisi, karibu kabisa na hoteli. Wanaume wakawa wanasitasita. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akajitokeza mbele akawavulia nguo kwa dharau ya kimila: kama mnaogopa, chukueni gauni langu mnipe suruali zenu. Umati ukasogea, askari wakafyatua risasi. Simulizi za siku ile zinasema kuwa walowezi waliokuwa barazani Norfolk nao walifyatua. Serikali ilihesabu waliokufa 21. Watu walihesabu zaidi. Nyanjiru alikuwa mmoja wa wa kwanza kuanguka.

Sasa nenda leo kaiangalie anwani ya Norfolk. Barabara inayopita mbele ya mlango wake inaitwa Harry Thuku Road. Kila mgeni anayeagiza teksi kwenda kwenye hoteli hiyo lazima alitaje jina la mtu ambaye watu wake walipigwa risasi mbele ya baraza lake. Mimi naona hiyo ni moja ya haki ndogo tamu kuliko zote ambazo mji umewahi kujilipa.

Siku mlango ulipobaki wazi

Kigali kuna Hôtel des Mille Collines, iliyofunguliwa mwaka 1973 na kuwa mali ya kundi la shirika la ndege la Ubelgiji, Sabena. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu 1,268 walijificha humo. Maji ya bomba yalipokatwa, walikunywa maji ya bwawa la kuogelea. Sinema ya Hollywood ya mwaka 2004 iliijulisha dunia, ikamfanya meneja kuwa shujaa. Baadhi ya walionusurika wanaipinga picha hiyo vikali mpaka leo. Ubishi wao ni wa haki kuusikiliza, maana wao ndio waliokuwepo. Ila lile bwawa halina ubishi. Kitu kilichowekwa kwa ajili ya starehe kikawa uhai wa watu.

Na kuna bwawa la pili, huko Beira, Msumbiji. Wareno walijenga Grande Hotel na kuifungua miaka ya 1950, ikiwa na vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kipimo cha Olimpiki. Ilikuwa ni ndoto ya kikoloni isiyojua hesabu: wageni matajiri waliotarajiwa hawakuja wa kutosha, na kufikia miaka ya 1960 hoteli ikafungwa. Ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe, na waliokimbia vijiji vyao wakaingia. Hawajatoka. Leo wanaishi mle zaidi ya watu elfu moja, bila umeme wa uhakika wala bomba. Mbao za sakafu zilishakuwa kuni. Ngazi zile za kifahari zinachezewa na watoto, na bwawani watu wanafua.

Wapiga picha wa nje hupenda kuiita magofu. Lakini magofu ni mahali palipoachwa, na Grande ina wakaazi kuliko ilivyowahi kuwa na wageni. Ni hoteli kubwa iliyofunguliwa mlango na haikuwekewa kingine chochote. Kuingia peke yake hakutoshi, watu wanataka na maji.

Zetu tunazitunzaje?

Wenzetu Singapore waliitangaza Raffles mnara wa taifa mwaka 1987, ilipotimiza miaka 100. New York nao, pamoja na yote, waliibomoa Waldorf-Astoria ya kwanza ili kupata kiwanja cha Empire State Building, wakaijenga upya mtaa mwingine mwaka 1931. Kila mji una tabia yake.

Dar es Salaam, mahali ilipo New Africa leo, enzi za Wajerumani palikuwa na hoteli ya Kaiserhof. Jengo lile halipo tena. Ile Kilimanjaro ya mbele ya bandari, fahari ya taifa changa miaka ya 1960, imebadilishwa majina ya makampuni ya nje mara kadhaa, ingawa wazee wakipita bado wanasema tu "Kilimanjaro".

Si lazima kila tofali la mkoloni lilindwe. Lakini nyumba ikibomolewa kimya kimya, haiondoki na mkoloni peke yake. Anaondoka naye dobi aliyezijua nguo za kila mkubwa, mpishi aliyefundisha wapishi wa mji mzima, na bawabu aliyesimama mlangoni miaka 30 akiwafungulia watu ambao wasingemruhusu aingie. Hao hawakuandika vitabu. Jengo ndilo lilikuwa kitabu chao, na wengi wao hatujawahi kuwauliza.

Wapo ambao bado wako hai. Pengine mmoja ni babu yako, au yule mama wa pale mtaani aliyewahi kutandika vitanda hoteli kubwa ya mjini. Siku ukipata hela ukaingia hotelini kupiga picha kwenye ngazi, piga tu, umelipia. Ila kabla hujaondoka mwulize mhudumu mkongwe kuliko wote alianza kazi pale lini. Stori atakayokupa haipo kwenye tangazo lolote.